Land Rover Kuukuu na Cheti cha Ukaguzi

Mwaka 1947 Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, ilipokea shehena ya mashine ambazo watu wa nyanda za kati hawajapata kuziona. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekusudia kulima karanga katika Tanganyika kwenye eneo la zaidi ya ekari 3,000,000. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi. Basi wanunuzi wakaenda hadi Visiwa vya Filipino wakanunua matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani. Mengi kati ya hayo yalikuwa yamekwisha kuchakaa kabla hayajagusa kisiki hata kimoja cha Kongwa, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ya mpango huo ilikuwa imesimama. Mnamo Januari 1951 mpango wote ukaachwa, baada ya kugharimu kiasi cha pauni milioni 36.

Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, mvua haba na udongo mgumu kama saruji zikiwa miongoni mwake. Hata hivyo mojawapo ni swali ambalo halikuondoka pamoja na Waingereza: mtu atajuaje hali ya mashine iliyokwisha kutumika, kabla hajaitegemea? Swali hilo huulizwa na mwalimu anayetaka kununua gari lililotumika, na abiria anayepanda gari lililojaa watu na magunia kuelekea milima ya Wotta. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba gari limekaguliwa na lina cheti chake, au stika yake iko kiooni. Makala haya yanaeleza jibu hilo lina uzito gani, na linapungukiwa na nini, hasa gari lenyewe linapokuwa la umri mkubwa.

Gari litakalotumika kama mfano ni Land Rover yenye urefu wa inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, aina ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Katika miaka hiyo hapakuwa na idara ya serikali wala misheni katika nyanda za kati isiyolijua gari hili. Limechaguliwa kwa sababu maumbile yake ni ya wazi. Mwanafunzi anaweza kulala chini yake akaona kwa macho karibu kila kitu kinachosemwa katika kitabu cha fizikia.

MAANA YA KUPIMA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, na inawapa wakaguzi wa magari mamlaka ya kulisimamisha na kulichunguza. Kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama inapofika, magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, na hapo kwanza ni magari yaliyotimiza miaka 10 tu yaliyotakiwa kupimwa. Magari yaliyoshindwa yalikuwa mengi mno hata mwaka uliofuata umri huo ukateremshwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 hadi miaka 3. Ujerumani Magharibi ilikuwa imekwisha kuanza tangu 1951, na Sweden ikafuata mwaka 1965.

Ukaguzi ni kipimo, na kila kipimo huulizwa maswali mawili. Swali la kwanza: kikirudiwa, kitatoa jibu lilelile? Wakaguzi wawili wakilitazama gari moja asubuhi moja, mmoja bila kujua alilosema mwenzake, watakubaliana? Swali la pili ni zito zaidi: je, kinapima kile hasa kinachotakiwa kujulikana? Ratili inayoonyesha kilo 52 kila mara kwa gunia la kilo 50 inajibu swali la kwanza vizuri kabisa, na la pili inalikosa kila siku.

Ukaguzi wa gari unaweza kukosea kwa njia mbili. Unaweza kulipitisha gari bovu, au kulikataa gari zima. Makosa hayo mawili si sawa kwa uzito, wala hayapunguzwi kwa dawa moja. Mkaguzi akiwa mkali kupita kiasi atanasa mabovu mengi zaidi, lakini atawarudisha gereji watu wengi wasio na hatia. Akilegea, kinyume chake hutokea.

CHETI KIMOJA, THAMANI MBILI

Ichukuliwe mfano wa hesabu tu. Yapo magari 100, na kati yake 20 yana breki mbovu. Mkaguzi ni hodari: katika kila magari 10 mabovu hunasa 8, na katika kila magari 10 mazima hukosea moja tu na kulikataa. Basi katika mabovu 20 atanasa 16, na 4 yatampita. Katika mazima 80 atayakataa 8 kwa makosa, na 72 yatapita. Magari yatakayopewa cheti ni 76, na ndani yake yamo mabovu 4. Abiria anayepanda gari lenye cheti ana nafasi moja katika 19 ya kupanda gari bovu.

Sasa mkaguzi yuleyule, na ustadi uleule, aletewe magari 100 ya aina iliyozeeka, ambayo nusu yake yana breki mbovu. Katika mabovu 50 atanasa 40, na 10 yatampita. Katika mazima 50 atayakataa 5, na 45 yatapita. Yenye cheti ni 55, na kati ya hayo mabovu ni 10. Nafasi ya abiria kupanda gari bovu lenye cheti imekuwa karibu moja katika tano.

Mkaguzi hakubadilika, karatasi haikubadilika, na mhuri ni uleule. Lililobadilika ni wingi wa ubovu katika kundi la magari yaliyoletwa. Jambo hili huwashangaza hata watu waliosoma, kwa kuwa akili huzoea kudhani kwamba uaminifu wa cheti umo ndani ya cheti chenyewe. Daktari anayepima ugonjwa adimu hukutana na hesabu hiyohiyo, na walimu wa biolojia wanaweza kuitumia kwa kubadili majina tu.

Hali kadhalika, cheti huzeeka. Kinasema habari za siku moja. Ichukuliwe tena, kwa mfano, kwamba katika magari mapya gari moja kati ya 100 hupata hitilafu ya breki kila mwezi, na katika makuukuu yanayopita njia mbaya hupata matano kati ya 100, na kwamba hakuna linalotengenezwa. Baada ya miezi 12, magari mapya yatakayokuwa bado mazima ni 0.99 ikijizidisha yenyewe mara 12, yaani kama 89 kati ya 100. Kwa makuukuu ni 0.95 ikijizidisha mara 12, yaani 54. Stika ingali inang'aa kiooni, na karibu nusu ya magari hayo yamekwisha kuikana.

GARI TUPU UWANJANI, GARI LILILOJAA MLIMANI

Breki hupimwa kwa kulinganisha upungufu wa mwendo na mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Gari likiweza kupunguza mwendo kwa mita 4.9, breki zake huhesabiwa kuwa na uwezo wa asilimia 50. Hicho ndicho kiwango ambacho Uingereza ilikitumia kwa miaka mingi kwa magari madogo yenye umri. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sawa na mita 16.7 kwa sekunde, gari la asilimia 50 husimama katika mita 28 tangu breki zinapokamata. Kabla ya hapo, dereva anayechukua sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga huwa amekwisha kusafiri mita 17 nyingine.

Ichukuliwe kwamba Land Rover imepimwa ikiwa tupu, na uzito wake ni kilo 1,800, na kwamba asilimia 50 ndiyo kani kubwa kabisa ambayo breki zake zinaweza kuitoa. Imepita kwa haki. Hapakuwa na hongo wala uzembe. Siku ya pili inapakia watu na mizigo hadi uzito wote unafika kilo 2,700. Kani ya breki ni ileile, lakini uzito umezidi mara moja na nusu. Uwezo umeshuka hadi asilimia 33. Gari linapoteremka mlima ambao kila mita 10 za njia hushuka mita moja, mvutano wa dunia hudai asilimia 10 zake kwanza. Zinazobaki ni asilimia 23. Umbali wa kusimama kwa mwendo uleule sasa ni mita 61, na hapo hakuna kitu chochote kilichovunjika wala kuharibika tangu siku ya ukaguzi. Kipimo kilisema kweli juu ya jambo ambalo halikuulizwa na abiria.

Joto nalo lina mchango wake. Gari hilo la kilo 2,700 likiteremka kimo cha mita 600, nishati inayotakiwa kuondolewa ni yapata jouli milioni 16. Kiasi hicho chaweza kuchemsha lita 47 za maji baridi, yaani zaidi ya madebe mawili. Dereva anayeteremka kwa gia ndogo huigawia injini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayeteremka kwa breki tupu huyatia madebe yale mawili ndani ya dramu nne za chuma. Dramu ikipata joto hutanuka na kuukimbia utando wa kiatu cha breki, na utando wenyewe hupoteza sehemu ya msuguano wake. Pedali huzama zaidi, na dereva hukanyaga zaidi.

Kisha kuna mafuta ya breki. Hayo hunyonya unyevu kutoka hewani polepole, mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hugandamizika. Pedali inakwenda chini na kani haifiki gurudumuni. Mafuta yakipoa, pedali hurudi kama kawaida, na mkaguzi atakayelitazama gari hilo baada ya saa tatu hataona kitu. Ubovu wa namna hii haukai kumsubiri mtu.

MAAJABU MAWILI YA LAND ROVER

Magurudumu ya mbele ya Land Rover ya inchi 109 yana viatu viwili vya breki katika kila dramu, na vyote viwili vimepangwa viwe viatu viongozi. Maana yake ni kwamba dramu inapozunguka kwenda mbele, msuguano wenyewe hukivuta kiatu na kukikandamiza zaidi kwenye dramu, hivyo mguu wa dereva husaidiwa. Mpango huu ni mzuri, ila una sharti lake. Gari likirudi nyuma, dramu huzunguka upande wa pili, na msuguano uleule sasa hukisukuma kiatu kitoke. Breki za mbele hudhoofika. Gari lililozimika katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma, likiwa limejaa, huwa na breki dhaifu kuliko zile zilizopimwa. Ukaguzi mwingi hupima breki gari likienda mbele.

La pili linahusu breki ya mkono, na limewadhuru mafundi zaidi kuliko abiria. Katika magari mengi breki ya mkono hukamata magurudumu mawili ya nyuma. Katika Land Rover hii hukamata dramu moja iliyoko nyuma ya giaboksi, juu ya propela shafti. Propela shafti ikifungwa, difu haiwezi kuzungusha magurudumu yote mawili upande mmoja, lakini bado inaruhusu moja liende mbele ikiwa la pili linarudi nyuma. Maadamu yote mawili yapo chini, jambo hilo haliwezekani na gari limesimama imara. Fundi akiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo linakuwa huru kuzunguka kinyumenyume, lile lililo ardhini linakuwa huru kwenda mbele, na gari linaanguka kutoka juu ya jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Mafundi wanaolijua gari hili huweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kugusa jeki, na hawaoni haya kuchekwa.

Kwa ukaguzi, jambo hili lina maana yake. Mashine ya roli iliyobuniwa kupima kila gurudumu peke yake yaweza kutoa tarakimu za ajabu kwa breki ya namna hii, na mkaguzi asiyejua muundo wake anaweza kulikataa gari zima au kulipitisha bovu. Kipimo kizuri kwa aina moja ya gari si lazima kiwe kizuri kwa nyingine. Wanaopendekeza kwamba kununua mashine za kisasa kutamaliza shida ya ukaguzi husahau jambo hilo mara kwa mara.

KUTU INAYOSAFIRI

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, lakini chesisi ni ya chuma, na ina umbo la sanduku lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia katika sanduku hilo na kukaa. Kutu huanza ndani na kula kuelekea nje, kwa hiyo rangi ya nje inaweza kuwa nzima hali bamba limebaki jembamba kama la kopo. Juu yake ipo bodi isiyopata kutu nyekundu, ambayo humfanya mtazamaji aamini kwamba gari lote ni zima. Pale alumini inapogusana na chuma na maji yenye chumvi yakapita katikati, hutokea betri ndogo, na alumini ndiyo inayolika. Huonekana unga mweupe kwenye maungio. Wanafunzi wa kemia wanaweza kulieleza jambo hilo kwa mfuatano wa metali.

Mkaguzi hutumia nyundo ndogo na sikio. Chuma kizima hulia; kilicholika hutoa sauti ya kufa. Ni kipimo cha zamani na kizuri, lakini hutegemea mahali anapogonga, na tena matope ya barabara yaliyokauka chini ya gari hubadili sauti. Gari lililooshwa hukaguliwa vizuri zaidi kuliko lisilooshwa, na hilo ni jambo ambalo mwenye gari chakavu hulijua pia.

Mpwapwa ina kiangazi kirefu, tangu Mei hadi Novemba, na iko mbali na bahari. Gari lililoishi hapo tangu likiwa jipya huweza kutimiza miaka 40 chesisi yake ikiwa nzuri kuliko ya gari la miaka 15 lililoegeshwa kando ya ufuko wa Dar es Salaam au Unguja. Lakini magari hununuliwa na kuuzwa. Lililotoka pwani huja na pwani yake ndani ya chesisi, na miaka ya ukavu wa Mpwapwa hairudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Kwa sababu hiyo, umri wa gari peke yake ni habari nusu.

Nchi jirani zimelazimika kutumia habari hiyo nusu, kwa kuwa ni rahisi kuisoma katika karatasi. Kenya, kwa kufuata kiwango chake cha KS 1515, huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8; Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka miaka 15. Uingereza imekwenda upande mwingine: tangu Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Maana yake Land Rover kuukuu ya kule, inayotunzwa na mpenzi wake na kutembezwa Jumapili, haipimwi, na kwa mwendo wake huenda isihitaji. Ile ya Mpwapwa yenye umri uleule imekuwa ikifanya kazi. Wanaozilinganisha hizo mbili kwa kuwa zina jina moja na mwaka mmoja wa kuundwa wanalinganisha vitu viwili.

Onyo hilo linahusu pia takwimu za aina za magari. Tangu 2010 matokeo ya ukaguzi wa Uingereza yametolewa hadharani, na watu huyatumia kutangaza kwamba aina fulani ni imara na fulani ni dhaifu. Lakini aina iliyozeeka sana inaweza kuonekana imara kwa sababu tu yale mabovu yamekwisha kuvunjwa na kuuzwa vyuma, na waliobaki kupimwa ni wateule. Tena wenye magari wengi hulipeleka gari gereji siku moja kabla ya ukaguzi. Kinachopimwa siku hiyo ni gari pamoja na fundi wake na mfuko wa mwenyewe.

JARIBIO LA NORWAY

Je, ukaguzi hupunguza ajali? Wengi hudhani jibu ni la wazi. Nchini Norway jambo hilo lilijaribiwa kwa namna ambayo ni nadra katika mambo ya barabarani. Magari 204,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: 46,000 yakakaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, 46,000 yakakaguliwa mara moja tu katika muda huo, na 112,000 hayakukaguliwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992 na mtafiti Fosser. Hali ya magari yaliyokaguliwa ilikuwa nzuri zaidi. Lakini viwango vya ajali vya makundi yote matatu havikuonyesha tofauti. Uchunguzi mwingine uliofanywa nchini humo na Christensen na Elvik, na kuchapishwa mwaka 2007, uliona kwamba magari yenye ubovu hupata ajali zaidi, na hata hivyo ukaguzi wa vipindi haukuonekana kuzipunguza.

Ni kosa kuyachukua matokeo hayo na kuyatua Mpwapwa yalivyo. Norway ilikuwa na magari ambayo kwa sehemu kubwa yalitunzwa, barabara za lami, na spea dukani. Ubovu mkubwa ulikuwa haba, na pale ubovu ulipo haba hakuna mengi ya kunaswa. Mfano wa magari 20 na magari 50 hapo juu unaonyesha kwamba penye ubovu mwingi ukaguzi hunasa zaidi, na papo hapo huacha zaidi. Aidha, dereva anayejua breki zake ni dhaifu huweza kuendesha polepole, na anayepewa cheti huweza kuongeza mwendo; binadamu hana utulivu wa jiwe linaloporomoka. Lakini matokeo hayo yanatosha kumnyima mtu yeyote haki ya kusema kwamba ukaguzi ukiongezwa ajali zitapungua, bila kuonyesha hesabu zake.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Uaminifu wa ukaguzi waweza kupimwa darasani bila gari. Zihesabiwe punje 100 za maharage au mahindi, 20 kati yake ziwe zimetobolewa na wadudu, zichanganywe. Mwanafunzi mmoja apewe sekunde 60 kutenga mbovu, kisha punje zirudishwe na mwingine apewe sekunde 60 zilezile, asione alichofanya wa kwanza. Yaandikwe mabovu yaliyonaswa, yaliyopita, na mazima yaliyokataliwa. Kisha jaribio lirudiwe kwa punje mbovu 50, na tena kwa sekunde 30. Mwalimu asiwaambie kabla idadi ya mbovu. Ni vema pia mara moja awaambie kwamba mbovu ni chache sana, hali ni 50, ili ionekane jinsi matarajio yanavyolegeza jicho. Darasa litapata jedwali lake lenyewe, na hesabu ya magari 76 na 55 yaweza kurudiwa kwa tarakimu zao.

Kwa breki, kipo chombo kiitwacho Tapley, kilichotumika Uingereza kwa miaka mingi, ambacho kiini chake ni pendulamu iliyofungiwa ndani ya kasha. Gari likipunguza mwendo, pendulamu husogea mbele, na tanjiti ya pembe yake ni sawa na upungufu wa mwendo ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Kwa asilimia 50 pembe ni nyuzi 26.6, kwa asilimia 30 ni nyuzi 16.7. Uzi, nati nzito na kipimapembe cha ubao vyatosha kutengeneza chombo cha mfano, kikafungwa juu ya kigari cha mbao kinachosukumwa sakafuni na kusimamishwa kwa kitambaa kinachoburuta. Uzi huelekea kupita pembe ya kweli kabla ya kutulia, kwa sababu hauna mafuta ya kuutuliza kama ulivyo ule wa Tapley, kwa hiyo visomwe vipimo vitano au zaidi na kuchukuliwa wastani. Kisha kigari kipakiwe matofali mawili, kisukumwe kwa mwendo uleule, kitambaa kikiwa kimefungwa upande wa nyuma ili kisikandamizwe na uzito wa matofali, na pembe isomwe upya.